Kabla ya Kushika Nyundo: Namna ya Kuisoma Nyumba ya Mawe ya Pwani

Mwashi akiingia nyumba ya kale na nyundo mkononi kabla hajaizunguka akaitazama, ataharibu kitu, hata awe hodari namna gani. Nyumba za mawe za pwani ya Waswahili, zile za matajiri waliofanya biashara ya pembe za ndovu, dhahabu, ambari, boriti na nguo, hazikujengwa mara moja zikaisha. Kila kizazi kilichokaa ndani kiliongeza, kikaziba, kikatoboa. Kwa hiyo anayetafuta "nyumba ya asili" ili airudishe ilivyokuwa anatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Kinachotafutwa ni mfuatano: kipi kilitangulia, kipi kilifuata, na kwa nini.

Mwongozo huu ni wa yeyote ambaye nyumba ya namna hiyo imemwangukia mikononi. Pengine umerithi vyumba viwili Lamu, au umenunua nusu ya jumba katika Mji wa Kale wa Mombasa, au umeitwa kupiga lipu. Pengine u mgeni tu, umechoka kupiga picha milango bila kuelewa kilicho nyuma yake. Nitaegemea Lamu kuliko kwingine, kwa sababu ndiko mpango wa kale wa nyumba hizi ulikobaki ukikaliwa na watu na si popo peke yao.

Onyo moja mapema. Watembezaji wengine watakuambia nyumba uliyosimama mbele yake ina miaka mia saba. Usiafiki haraka. Nyumba nyingi za mawe zilizosimama Lamu leo ni za karne ya 18 na ya 19. Kilicho cha kale zaidi ni mpango wake, yaani jinsi vyumba vinavyofuatana, na huo utaukuta katika magofu ya karne ya 14 na 15.

Anza kwenye magofu

Nyumba iliyopigwa lipu na kupakwa rangi haikuambii kitu. Nenda kwanza mahali ambapo lipu imedondoka na dari halipo. Kwa walio Kenya, Gedi ni karibu, baina ya Malindi na Watamu. Mji huu ulikuwa na misikiti, visima virefu na nyumba za matajiri, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na nyumba alizozifukua akazipa majina ya vitu vilivyopatikana ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya bakuli la kauri, nyumba ya kasha la pembe, nyumba ya sarafu za Kichina. Majina hayo peke yake yanakuonyesha biashara ilifika wapi. Tangu mwaka 2024 Gedi imo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ukifika, usikimbilie msikiti na ikulu. Tafuta ukuta uliokatika, uchungulie tumbo lake. Utaona mawe ya matumbawe yasiyochongwa, makubwa kwa madogo, yamezamishwa katika chokaa na mchanga. Hayakupangwa safu kwa safu kama matofali. Kisha tazama pembe za milango. Pale jiwe linabadilika: ni tumbawe laini, lenye vitundu vidogo sawasawa, limechongwa likanyooka. Hilo lilikatwa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka, kwa sababu likishapigwa na hewa na jua hugeuka gumu. Kazi yake ilikuwa ghali, ndiyo maana liliwekwa mahali pa kuonekana tu.

Halafu fanya jaribio ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu wote. Tafuta mahali kuta mbili zinapokutana. Ikiwa mawe ya ukuta mmoja yameingia ndani ya mwingine, zilijengwa pamoja. Ikiwa ukuta mmoja umeegemezwa tu kwa mwenzake, na mstari wa ufa umeshuka wima kutoka juu hadi chini, basi ulioegemea ndio mdogo. Ukishalizoesha jicho lako kuona mstari huo, utauona kila mahali, hata chini ya lipu, kwa sababu lipu nayo hupasuka palepale. Katika ikulu ya Gedi kuna nyumba zilizoongezwa ubavuni. Pita kwenye viungo hivyo mpaka uweze kueleza bila kusoma kibao kipi ni kikubwa kwa umri.

Tazama na sakafu. Sakafu ya chokaa ikichakaa, watu walimwaga nyingine juu yake. Ukiona mlango unaokulazimisha uiname, usidhani watu wa zamani walikuwa wafupi. Sakafu ilipanda, mlango ukabaki pale pale.

Walio Tanzania wana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu Kilwa inakupa mifano miwili inayopingana. Mji wa Songo Mnara ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 16, kwa hiyo nyumba zake hazikupata muda wa kuvishwa karne nyingine juu. Unaziona zilivyo: ngazi, ua ulioshuka chini, chumba kirefu cha mbele, vyumba vya nyuma. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walichimba humo kuanzia mwaka 2009 wakifuatilia kila chumba kilitumikaje. Kisha vuka hadi Kilwa Kisiwani utazame Makutani, jengo la karne ya 15 lililopanuliwa karne ya 18, Kilwa ilipofufuka kwa biashara ya pembe na watumwa. Hapo utaona kuta za enzi mbili zikisukumana. Ukiyatazama yote mawili katika safari moja, utajifunza zaidi ya kitabu.

Na hata jiwe lenyewe si mwanzo. Kule Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta kuwa nyumba za mawe zilitanguliwa na za miti na udongo mahali palepale. Tajiri wa karne ya 14 alipojenga kwa mawe, hakubuni nyumba mpya. Aliivika ile aliyokuwa anakaa.

Beba kipimo cha mita

Sasa rudi kwenye nyumba yako. Kabla ya kuuliza historia, pima upana wa vyumba. Utakuta vyumba virefu, lakini upana wake ni nadra kuzidi mita 3, na vingi havifiki hapo. Tajiri aliyemiliki majahazi alilala katika chumba chembamba kama ushoroba! Sababu ni boriti. Dari za nyumba hizi hubebwa na miti ya mkoko, na juu ya miti hiyo hupangwa vipande vya mawe, kisha zege la chokaa linalopigwa kwa vijiti siku nyingi mpaka likaze. Uzito wake ni mkubwa mno. Boriti ndefu kupita kiasi hupinda, kisha huvunjika. Mkoko ndio uliopima chumba, utajiri haukuwa na la kusema. Waliotaka kuikwepa sheria hiyo walilazimika kujenga kuba na matao, kama alivyofanya Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika Husuni Kubwa ya Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14, na hata yeye jengo lile halikukamilika.

Faida yake kwako ni hii: ukikuta chumba chenye upana wa mita 5 bila nguzo katikati, kuna jambo limetendeka. Ama ukuta umeondolewa, ama boriti zimetolewa zikawekwa vyuma au zege. Inua macho darini utafute mstari ulipokuwa ukuta. Ukiuona, simama chini yake ujiulize nini kinaubeba ukuta wa ghorofa ya juu. Kama huna jibu, mtafute mhandisi kabla ya jioni.

Hesabu pia nafasi baina ya boriti. Fundi wa awali aliziweka kwa mwendo mmoja. Mahali zinaposongamana au kuachana ghafla, dari limewahi kuanguka likatengenezwa. Katika vyumba vya heshima boriti zilichongwa pembe nne na kupakwa rangi, nyekundu na nyeusi hasa. Ukikuta moja yenye rangi katikati ya tisa zisizo nayo, ile moja ndiyo mzee wa chumba. Usiitupe.

Ingia kama mgeni wa kaskazi

Nyumba hizi zilipangwa kwa ajili ya kuamua nani afike wapi, na njia nzuri ya kuzielewa ni kuingia taratibu kutoka nje. Kwanza ni daka, kipenu cha mlangoni chenye mabaraza ya mawe pande mbili. Hapo mwenye nyumba alikaa na watu wa barabarani, na biashara nyingi iliishia hapo. Ndani ya mlango ni tekani, kisha njia hupinda ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Unatokea kiwanda, ua usioezekwa, chanzo cha hewa na mwanga wa nyumba nzima. Kandokando ya kiwanda, au juu yake, kuna sabule, chumba cha mgeni.

Sabule ndiyo inayokuambia kuwa hii ni nyumba ya mfanyabiashara. Majahazi yalikuja na kaskazi, pepo za Desemba hadi Machi, na hayakuweza kurudi Uarabuni wala Bara Hindi mpaka kusi ivume. Mgeni alikuwa wa miezi, si wa usiku mmoja. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alieleza jinsi kila mfanyabiashara aliyeshuka Mogadishu alivyofikia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mtu wa namna hiyo lazima umlaze vizuri, na lazima umlaze mbali na wake na mabinti. Ndiyo maana sabule huwa na choo chake, na mara nyingine ngazi zake.

Kupita kiwanda ni msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, kila kimoja sambamba na mwenzake na kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Nyuma kabisa ni nyumba kati, chumba kidogo cha giza ambamo maiti alioshwa. Nakshi za lipu huzidi kadiri unavyosogea ndani, mpaka ukuta wa mwisho uliojaa zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya kuwekea kauri na vitu vya thamani. Nyumba nyingi zimeelekea kaskazini, upande wa Makka, kwa hiyo chukua na dira.

Kanuni ya nakshi ni chombo kizuri sana cha upelelezi. Ikiwa chumba cha kwanza kabisa, kinachogusa barabara, kina nakshi nzito na zidaka, basi hakikuwa cha kwanza. Nyumba imekatwa, na misana yake iko upande wa pili wa ukuta, kwa jirani. Mbishie hodi. Ukimkuta bi mkubwa wa nyumba hiyo, muulize yeye kabla ya wanaume. Nyumba hizi ni za wanawake kwa matumizi, na kwa sehemu kubwa hata kwa milki.

Harusi huijenga, mirathi huigawa

Hapa ndipo penye utamu. Tukiona jengo limebadilika tunafikiria vita, tetemeko, au utawala mpya. Nyumba za Lamu zilibadilishwa zaidi na ndoa na vifo vya nyumbani.

Kwa waungwana wa Lamu, bwana harusi ndiye aliyehamia kwa bibi harusi. Baba mwenye binti alikuwa na deni la nyumba. Kama kiwanja kilikuwepo, alijenga ubavuni; kama hakikuwepo, alipandisha ghorofa; na kama kiwanja kilikuwa ng'ambo ya njia, alijenga na wikio, chumba kinachovuka juu ya njia kikiunganisha nyumba mbili, ili mama na binti watembeleane bila kukanyaga barabara. Ukikutana na wikio, usiishie kusema ni zuri. Tazama ncha zote mbili za boriti zake. Upande ambao boriti zimejengewa pamoja na ukuta ndio uliojengwa wakati mmoja na wikio. Upande ambao ukuta umetobolewa kisha ukazibwa kuzunguka boriti ndio nyumba ya mama.

Ghorofa iliyopandishwa nayo ina dalili zake. Kuta za juu huwa nyembamba kuliko za chini. Ngazi zimebanwa mahali pasipostahili, zimekula kona ya kiwanda au nusu ya msana. Na paa la zamani limegeuka sakafu, kwa hiyo unaweza kuikuta bado milizamu ya maji ya mvua ikichomoza nje katikati ya ukuta, haina mvua ya kumwaga.

Kisha mwenye nyumba hufa. Mtoto wa kiume hupata mafungu mawili, wa kike moja, mjane thumni. Nyumba haigawiki kama magunia ya mtama, lakini watu waliigawa: mlango uliounganisha misana ukazibwa, ukuta ukapitishwa katikati ya chumba, mlango mpya ukatobolewa nyuma, choo kikaongezwa. Ushahidi wa mirathi ni kidaka kilichokatwa nusu. Ushahidi mwingine ni mkanda wa nakshi unaokwenda juu ya ukuta, unaingia ndani ya ukuta wa kugawia, na ukienda kwa jirani unauona unaendelea. Wapo walioliona hilo mapema wakaiweka nyumba wakfu ili isikatwe. Kama wewe ni mrithi, fahamu basi kwamba ule "ukuta mbaya" unaotaka kuubomoa huenda ndio mpaka halali wa mali ya binamu yako. Hati kwanza, nyundo baadaye.

Nyumba inapogeuka kutazama nje

Nyumba ya kale iliipa barabara kisogo. Ukuta wa nje ulikuwa mtupu, wenye mlango na vitundu vya hewa tu. Kwa hiyo dirisha kubwa linalotazama njia ni habari.

Baada ya vita vya Shela, kisiwani Lamu, mnamo 1812, watu wa Lamu walijisogeza kwa Sayyid Said wa Oman, na ngome ya mji ikakamilika mwaka 1821. Biashara ilikua, wafanyabiashara wa Kihindi wakaja na kufungua maduka, na daka nyingi za njia kuu zikatobolewa zikawa duka. Upande wa bahari yakajengwa majumba yenye nguzo na veranda, yanayotaka kuonekana. Veranda, tao la nje na dirisha la mbao, vyote hivyo visome kama karne ya 19 au baadaye, hata vikiwa vimebandikwa kwenye nyumba ya karne ya 18.

Lakini usisome matajiri tu. Mawe yale yalibebwa na watumwa, chokaa ilichomwa na watumwa, maji yalipandishwa ngazi na watumwa, na katika nyumba za ghorofa vyumba vya chini vyenye dari fupi vilikuwa vyao pamoja na bidhaa. Utumwa ulipokomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, nyumba hizi zilipoteza mikono iliyozibeba. Hapo ndipo zilipoanza kupangishwa chumba kwa chumba, ghorofa za juu zikaachwa, na nyingine zikaporomoka. Ukikuta ukuta wa juu uliokatwa ukafunikwa lipu, pengine ghorofa haikuharibiwa na mtu. Ilikosa tu wa kuitunza.

Unguja ina mfuatano wake: nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zikagawiwa familia kadhaa, majiko yakazuka vyumbani, na mapaa bapa yakafunikwa mabati. Hayo nayo ni historia, ingawa hakuna anayeyapiga picha.

Tabaka la mwisho ni la hoteli na wanunuzi wa kutoka nje, Shela hasa: ghorofa ya makuti juu ya paa, bwawa la kuogelea ndani ya kiwanda, zidaka mpya kila ukuta. Nimeona nyumba za namna hiyo zilizofanywa kwa uangalifu mkubwa. Nimeona pia nyingine zilizorembwa mpaka hakuna tajiri wa karne yoyote ambaye angezitambua kuwa zake.

Vitu vitatu vinavyodanganya

Mlango ni wa kwanza. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya mbao ya Kilwa kwa nakshi zake, kwa hiyo ufundi huo ni wa kale kweli. Lakini mlango huuzwa, huhamishwa, huibwa. Umri wa mlango si umri wa nyumba. Chunguza lipu kuzunguka fremu; kama ni tofauti na ya ukuta, mlango umehamia. Ukikuta mwaka wa Hijria umechongwa, zidisha kwa 0.97 kisha ujumlishe 622 upate mwaka wa Miladia kwa makadirio ya karibu. Jizoeze kwa kaburi lenye tarehe kule Gedi: limeandikwa 802, sawa na 1399.

Zidaka ndizo za pili. Kuta zilizojaa zidaka ni mtindo uliopamba moto Lamu na Pate karne ya 18. Nyumba za kale zaidi zilikuwa na vishubaka vichache. Na vya kisasa hujitangaza: kingo zimenyooka mno, kina kimoja kote, na ukikwaruza kwa nguvu unapata unga wa kijivu.

Kauri ndiyo ya tatu. Bakuli la Kichina lililopachikwa ukutani linakuambia ukuta haukujengwa kabla yake. Zaidi ya hapo usiliulize, maana bakuli la bibi lingeweza kukaa sandukuni miaka mia. Isipokuwa lile la chooni: chini ya birika la maji huenda ukakuta bakuli limejengewa, nalo lilikuwa la samaki wadogo waliowekwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Ukilikuta, liache, na ukiweza rudisha samaki.

Sasa shika nyundo, lakini kwa adabu

Kosa kubwa katika nyumba hizi ni saruji, na nasema hivyo bila kumung'unya. Ukuta wa tumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huuachia unyevu utoke. Lipu ya saruji huufungia. Chumvi hukusanyika nyuma ya saruji, hugeuka fuwele, husaga tumbawe, na baada ya miaka kadhaa bamba zima la lipu huanguka likiwa limebeba uso wa ukuta. Mwenye nyumba hulaumu "ukuta mbovu" akaongeza saruji.

Ujue kwanza una nini. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: sauti ya utupu maana yake lipu imeachana na jiwe. Kwaruza kwa kisu: chokaa hutoa unga mweupe kwa urahisi, saruji hukataa. Usibandue ukuta mzima siku moja, kwa sababu saruji iliyokaa muda mrefu wakati mwingine ndiyo inayozuia mawe yasimwagike. Bandua kipande, zibe kwa chokaa na mawe madogo, ngoja kikauke, endelea. Chokaa yenyewe inunue iliyochomwa ikaiva na kulowekwa muda wa kutosha. Iliyozimwa juzi itapasuka ukutani. Usipake juu yake rangi ya plastiki. Chokaa ya kupaka inatosha, na ni rahisi.

Kabla ya kuta lakini, paa. Hakuna maana ya kupiga lipu chini ya dari linalovuja. Safisha milizamu, ziba nyufa za paa, fuatilia mabomba. Maji ya mfereji yaliingia katika nyumba zilizojengwa kwa ndoo na birika, na bomba linalotiririka ndani ya ukuta kwa siri huua boriti polepole kutoka kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani. Chokonoa ncha hizo kwa bisibisi. Ikizama, boriti imeoza, hata kama katikati inaonekana nzima. Badilisha moja moja, dari likiwa limeegemezwa kwa nguzo za muda, na tumia mkoko uliokauka vizuri.

Fundi akikushauri uondoe boriti zote umwage zege la nondo, kataa mpaka mhandisi anayezijua kuta za tumbawe apime. Kuta hizi hazina uti wa chuma ndani. Ukizipa mzigo mpya, hazitakuonya kwa muda mrefu. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha.

Kabla ya hayo yote, chora ramani ya kila ghorofa, hata kwa mkono, na uweke alama ya kila mstari wa ufa wima, kila mlango uliozibwa, kila badiliko la sakafu. Piga picha kila ukuta ukiwa mzima, kisha ukiwa umebanduliwa. Kinachofunuliwa chini ya lipu hufunikwa tena ndani ya wiki moja, na baada ya hapo picha yako ndiyo shahidi peke yake. Lamu peleka ramani hiyo ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Unguja ipeleke Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ruhusa utaihitaji kwa vyovyote, na humo huenda ukakuta mtu aliyewahi kuipima nyumba yako kabla hujazaliwa.

Na mkataba na mwashi uandikwe. Msikubaliane kulipa fedha yote siku kazi inapoisha, kwa sababu siku hiyo kila ukuta ni mzuri. Zuia sehemu ya malipo, ummalizie baada ya masika moja kupita na dari kubaki kavu.